Maji Yakiingia Usiku, Nani Atambeba Bibi?

Novemba 2023, mvua za El Niño zilipotushukia Mombasa, maji yaliingia nyumbani kwetu saa nane usiku. Tulikuwa watu saba na tochi moja, na hiyo tochi hakuna aliyejua iko wapi. Mmoja alikimbilia televisheni, mwingine magodoro. Bibi yetu, ambaye miguu imeshamkataa, alikaa kitandani akituita kwa majina, mmoja mmoja. Aliyekuja kumbeba ni kijana wa jirani.

Mafuriko hayo yaliua zaidi ya watu 100 nchini, na huko Tana River familia nyingi zilihama makwao. Sisi tulipona, ila nilibaki na aibu. Tulikuwa tumeonywa. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilisema mapema. Kisha mwezi wa Oktoba Rais Ruto akasema El Niño haitakuwa, nasi tukashika neno lililotupendeza. Mitaro iliyoziba nayo ina wenyewe, nitawasema siku nyingine. Leo nasema na sisi wenye nyumba.

Kilichoniuma zaidi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kililowa kikawa uji. Mpwani anajua maana yake: vijana wetu wamepigwa msasa miaka mingi, wakidaiwa hati za baba na babu ndipo wapewe kitambulisho. Ukipoteza karatasi za wazee, umempotezea mjukuu. Sasa zetu zote zimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, juu ya kabati, na picha zake ziko kwenye simu ya dadangu anayeishi mji mwingine.

Mengine tumeyaandika kwenye karatasi nyuma ya mlango. Mke wangu ni watoto. Mdogo wangu ni bibi. Mimi nazima swichi kuu na kufunga mtungi wa gesi kabla maji hayajapanda. Yakishafika miguuni, swichi siigusi. Tunakutana kwa shangazi, kwenye mwinuko, na tulimwomba kwanza. Nambari 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu zimeandikwa kwa kalamu, maana simu huzima. Pesa taslimu kidogo zimo humo humo kwenye mfuko.

Na tunaangalia mwezi. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari ikijaa, maji ya mitaro hayana pa kutokea. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na mawingu yametanda, sisi hatulali kabla ya kuhakikisha tochi ina chaji.

Ijumaa iliyopita tulifanya mazoezi. Bibi alilalamika kuwa mjukuu wake anambeba kama gunia la nazi, akataka abebwe kwenye kiti, watu wawili. Tumebadilisha karatasi.