Msanii Anayekimbia Majirani

Kuna imani imeota mizizi miongoni mwa wasanii wetu, hasa waandishi chipukizi na wale waliokwisha kuchipua zamani wakagoma kuzaa. Wanaamini kwamba fikra nzuri haziji uswahilini. Zinakaa mbali: kwenye hoteli ya ufukweni Bagamoyo, kwenye kijumba chenye ukungu huko Lushoto, au Ulaya, katika ile nafasi ya miezi mitatu ambayo barua ya kuiombea imeandikwa kwa uangalifu kuliko muswada wenyewe. Nyumbani, eti, kuna kelele. Kuna spika ya jirani, watoto, misiba isiyokwisha na michango ya harusi. Mtu ataumbaje kitu hapo?

Mimi nasema imani hiyo ni uongo, tena uongo wenye faida. Unampa mtu sababu ya kutoandika, na sababu yenyewe inasikika ya kisanii.

Tumtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu mjini na kuvinadi kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa imeletwa kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti aliimba kwa Kiswahili, na habari zake hakuzifuata mbali. Zilikuwa habari ambazo mji ulikuwa tayari unazinong'ona: nani kaonewa mahakamani, nani kala mali ya nani. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, na muuaji akatorokea bara. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Angalia mpangilio huo: safari ilikuja mwisho, nyimbo zikiwa tayari. Bombay walifuata mashine ya kurekodia.

Karne moja kabla yake, Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Wahakiki husema ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Alitunga juu ya vita vya Wamazrui, njaa, mapenzi, marafiki wanaokukimbia ukifilisika. Mashairi yale yalikuja kukusanywa baadaye sana, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor, na yaliweza kukusanywa kwa sababu watu wa mji walikuwa bado wanayo kichwani. Mji hauhifadhi midomoni mwake kitu kisichouhusu.

Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Hilo linatosha.

Sasa, nisieleweke vibaya. Kuna aina ya pili ya msanii ninayemwogopa kuliko yule wa Lushoto: anayeshuka mtaani na kamera na kijitabu, anakaa kijiweni nusu saa, ananunua kahawa na kashata, kisha anarudi kwake na "hadithi ya mtaa". Huyo ni mtalii aliyeokoa nauli ya ndege. Mtaa haumwonyeshi kitu asiye na kazi ndani yake.

Nenda msibani, popote Dar es Salaam, uangalie meza ya rambirambi chini ya turubai. Kuna kijana mwenye kauntabuku, ameichora mistari kwa rula: jina upande huu, kiasi upande ule. Mmoja anataja jina lake na la baba yake, na kiasi anakitaja kwa sauti kubwa zaidi. Mwingine ameikunja noti mpaka haionekani kiganjani, anasema, "Andika jirani tu." Wa tatu anaomba aandikiwe elfu kumi. Mkononi ana tano, nyingine ataileta jioni. Kijana hainui macho. Anaandika 10,000, kisha pembeni anatia nukta ndogo ambayo maana yake anaijua yeye na mweka hazina wa msiba.

Ndani ya nukta ile kuna deni, kuna kulinda heshima, na kuna mfiwa ambaye miezi kadhaa baadaye atalifungua daftari hilo ili ajue naye apeleke kiasi gani msiba ukiwa kwa mwenzake. Mwandishi gani anataka kisa kizuri kuliko hicho? Lakini nukta huioni ukiwa umesimama barabarani. Unaiona siku ulipoombwa ushike daftari wewe, na uliombwa kwa sababu misiba mingine ulifika mapema na kubeba viti.

Vijana wa Manzese na Tandale hawakusubiri kufundishwa haya. Singeli ilitoka kwenye vigodoro, sherehe za usiku kucha mitaani, midundo ya taarabu ikiongezwa kasi na mshika maiki akiwataja waliopo. Walioiita kelele miaka ile leo wanaiandikia tasnifu.

Najua nitaambiwa kuhusu Abdulrazak Gurnah, aliyeshinda Nobel mwaka 2021 akiwa ameishi Uingereza zaidi ya nusu karne. Sawa. Lakini huko Uingereza aliandika nini? Mara kwa mara alirudi kwa watu wa pwani, maduka yao, wajomba zao na madeni yao. Aliondoka kijana, akiwa amekwisha kuloa. Anayeondoka mkavu hataloweshwa na theluji.

Utulivu una kazi yake, sikatai. Kusahihisha sura ya nane kunataka mlango uliofungwa na simu iliyozimwa. Kuandika, jifungie ndani. Ila watu wanachanganya mahali pa kupikia na mahali pa kununulia unga.

Na kama nikisema wazi, sidhani kwamba kinachowakimbiza wengi ni kelele. Ukiandika ya mtaa wako, mtaa utakujibu. Mwenye duka atakuuliza kwa nini umemfanya bahili wakati anakukopesha mpaka leo. Shangazi atakwambia kisa cha mkufu hakikwenda hivyo, na pengine ni kweli. Binamu hatakusalimia mpaka Idi. Itabidi ubadilishe majina, uombe ruhusa, ufute ukurasa mzuri kwa sababu ungemuumiza mtu asiyestahili, na ukurasa mwingine uutetee mbele ya watu mnaochota maji bomba moja. Huo ni uhakiki mkali kuliko wa gazeti lolote, na mhakiki anagonga mlango kabla hujapiga mswaki.