Kyela yauza usiku, mgeni anataka mwezi

Katika soko la Kyela bidhaa nyingi zina bei mbili. Mchele una bei ya kilo na bei ya gunia. Mawese yana bei ya chupa na bei ya dumu. Hata usipa wa Ziwa Nyasa una bei ya fungu na bei ya debe. Anayechukua kwa wingi hupunguziwa, na hakuna anayeona ajabu. Bidhaa ambayo hadi leo haijapata bei ya jumla ni kitanda. Mgeni wa usiku mmoja na mgeni anayekusudia kukaa siku 30 hutajiwa bei ile ile mapokezi, kisha huyo wa pili huachiwa azidishe mwenyewe.

Wageni wa mwezi mzima si jambo jipya wilayani humo. Mnunuzi wa mchele hufika mavuno yanapoanza na haondoki mpaka lori lijae. Wapo pia wakaguzi wa hesabu, watafiti na mafundi wa miradi. Katika miaka ya karibuni limeongezeka kundi jingine, la waajiriwa ambao ofisi yao imo ndani ya kompyuta mpakato: mhasibu anayefunga hesabu za kampuni ya Dar es Salaam, mfasiri, mwandishi wa programu. Baadhi yao ni wazaliwa wa huko huko, kutoka Ipinda, Ngonga au Matema, wanaotaka kukaa karibu na wazazi kwa mwezi mmoja bila kuomba likizo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wazaliwa hao wasilale nyumbani. Wanaouliza hivyo hawajajaribu. Nyumbani pana watoto, pana majirani wanaokuja kusalimia tangu alfajiri, na mzazi haoni sababu kwa nini mtu mzima mwenye nguvu aketi akitazama kioo wakati mpunga umeanikwa na wingu linakuja. Mfanyakazi wa aina hiyo anahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, meza, soketi inayofanya kazi, na mahali pa kula jioni. Wazazi atakwenda kuwaona kila siku akimaliza kazi.

Chumba hicho akikitafuta anakuta milango miwili. Wa kwanza ni wa gesti, inayohesabu kwa usiku. Wa pili ni wa mwenye nyumba ya kupangisha, ambaye kama wenzake wengi nchini hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi kabla ya kutoa ufunguo, na chumba chenyewe hakina kitanda, hakina chandarua, na LUKU inachangiwa na wapangaji wengine. Katikati ya usiku mmoja na miezi sita hakuna mlango.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme chumba kinauzwa Sh. 15,000/= kwa usiku. Mgeni wa siku 30 atatakiwa kutoa Sh. 450,000/=. Kwa kijana anayelipwa mshahara wa kawaida, na ambaye huenda bado anaendelea kulipia chumba chake Dar es Salaam, fedha hizo ni nyingi, na uamuzi wake utakuwa kukaa wiki moja na kurudi. Sasa chumba hicho hicho kitazamwe upande wa mwenye gesti. Kama nje ya msimu kinapata mgeni siku 12 kati ya 30, mapato yake ya mwezi ni Sh. 180,000/=. Mgeni wa mwezi akilipa Sh. 250,000/= taslimu siku ya kwanza, mwenye gesti amepata Sh. 70,000/= zaidi ya alizokuwa akipata, na shuka hazifuliwi kila asubuhi. Mgeni naye ameokoa Sh. 200,000/=. Bei ya haki ya mwezi, kwa hiyo, haitokani na bei iliyobandikwa ukutani ikizidishwa kwa 30. Inatokana na idadi ya siku ambazo chumba hulala na mtu kweli kweli, na idadi hiyo imo ndani ya daftari la wageni la kila gesti.

Wapo wenye gesti wanaoona kwamba kupunguza namna hiyo ni njemke ya vyumba. Neno hilo wakulima wa kakao wa Kyela wanalijua kwa uchungu: kumuuzia mlanguzi kakao mbichi kwa bei ya kutupa kwa sababu fedha inatakiwa leo, ilhali zao lenyewe lingesubiri lingepata bei ya maana. Mwaka 2024, bei ya kakao katika soko la dunia ilipopita Dola 10,000 za Marekani kwa tani, kila aliyekuwa amekwisha kuuza kwa njemke alijua alichopoteza. Ni dhahiri kwamba woga huo una historia. Lakini mfano huo haufanani na kitanda. Kakao iliyokauka huwekwa ghalani, ikapewa stakabadhi, ikangoja mnada. Usiku uliopita bila mgeni hauwekwi ghala lolote. Mwenye gesti anayekataa Sh. 250,000/= za uhakika akingoja Sh. 450,000/= za kufikirika hahifadhi zao lake; analiacha lioze.

Sababu nyingine ya bei za usiku kung'ang'ania juu haisemwi sana, nayo ni posho. Kuanzia Julai 2022 Serikali ilipandisha posho ya kujikimu ya watumishi wanaosafiri ndani ya nchi, kiwango cha chini kikatoka Sh. 80,000/= hadi Sh. 100,000/= kwa siku na cha juu kikatoka Sh. 120,000/= hadi Sh. 250,000/=. Si vibaya mtumishi kujikimu. Hata hivyo, gesti ya wilayani inayopanga bei kwa kutazama semina inapanga kwa mfuko wa Serikali, na semina huja siku tatu ikaondoka. Mgeni wa kompyuta anatoa mfukoni mwake, na atakula kwa mama lishe yule yule kwa siku 30.

Hoja moja ya wenye gesti ni ya kweli na lazima iheshimiwe. Mgeni wa mwezi akikabidhiwa chumba mavuno yanapokaribia, wanunuzi wa mchele watakuta pamejaa, na hao hulipa bila kubishana sana. Dawa yake ni bei ya mwezi kufuata msimu, kama ifuatavyo bei ya mchele wenyewe. Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo mbaya zaidi: mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe huweza kufurika, na wasafiri hupungua. Bei ya mwezi iwe ya chini wakati huo, ipande mavuno yakichanganya. Gesti ya vyumba kumi ikitenga viwili tu kwa wageni wa mwezi haitakosa nafasi za wafanyabiashara wake wa kila mwaka.

Upande wa mgeni, anayelipa mwezi mzima bila kulala kwanza usiku mmoja au miwili kwa bei ya kawaida anajitafutia hasara. Usiku huo ni wa majaribio. Mtandao upimwe saa mbili usiku, wakati mji mzima uko kwenye simu, si saa nne asubuhi. Ni kweli kwamba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita wilayani kwenda kuungana na Malawi pale Kasumulu, lakini mkongo kupita barabarani si mkongo kufika chumbani, na mwenye busara huja na laini za makampuni mawili. Feni iwashwe, maana mji uko kwenye tambarare ya ziwa, chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na joto lake si la Tukuyu. Chandarua kikaguliwe kwa macho. Mwisho iulizwe LUKU ni ya nani, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Kuhusu usafiri, gharama kubwa si ile ambayo wengi huiogopa. Safari ya kutoka Dar es Salaam ni ya mara moja kwenda na mara moja kurudi. Yapo mabasi yanayofika Kyela moja kwa moja, na tangu Oktoba 1, 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mfanyakazi anaweza kuondoka Ijumaa jioni asipoteze siku ya kazi. Treni ya TAZARA humfikisha Mbeya, ndege humshusha Songwe, na njia zote mbili humwachia zaidi ya kilomita 100 za Kosta au Noah kupitia Uyole na Tukuyu. Anayebana matumizi atachagua basi.

Fedha inavuja katika safari ndogo ndogo. Bodaboda ya Sh. 1,000/= ikipandwa mara nne kwa siku, kwa siku 26, ni Sh. 104,000/=, na hakuna aliyeona zikiondoka. Kyela ni tambarare, na baiskeli ni chombo chake cha siku nyingi kuliko pikipiki. Baiskeli kuukuu iliyonunuliwa wiki ya kwanza na kuuzwa wiki ya mwisho humgharimu mgeni tofauti ya bei hizo mbili tu, pamoja na viraka. Katika miji ya milimani shauri hili lingekuwa la kejeli.

Lipo kosa la kupanga Matema. Ufuo wake ni mzuri, lami imefika kupitia Ipinda, na Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo. Lakini nyumba za ufukweni zinauza mandhari pamoja na kitanda, na huduma za benki na ofisi nyingi ziko mjini, karibu kilomita 40 kutoka hapo. Anayekaa mjini akaenda Matema Jumamosi nne ametoa nauli za safari nne. Anayekaa Matema akafuata mahitaji mjini hahesabu tena.

Mwanzo rahisi uko kwa vyumba vya wageni vya makanisa. Walutheri na Wamoravian, ambao misheni zao ziliingia Unyakyusa mwaka 1891, wamezoea kupokea watu wa kukaa muda mrefu, na hawategemei semina peke yake. Taasisi moja tu ikibandika ukutani mistari miwili, bei ya usiku na bei ya mwezi, gesti za jirani hazitachukua msimu mzima kabla ya kubandika ya kwao. Wageni wenyewe watazipigia simu kuuliza.