Uzuri wa Nyumba Hauuzwi Dukani

Uko ugonjwa mmoja usio na hospitali, nao umeenea mijini na sasa waingia vijijini. Mwenye ugonjwa huu akitazama nyumba haulizi kama ina hewa, kama ina kivuli, wala kama mgeni akibisha hodi atapata pa kuketi. Huuliza jambo moja tu: imegharimu kiasi gani? Akiambiwa kwamba vioo vimetoka ng'ambo na marumaru zimetoka ng'ambo, husema, "Hiyo ndiyo nyumba!" Makala haya yameandikwa kumpinga mtu huyo. Nami namjua vizuri, kwa kuwa nimepata kuwa yeye.

Marehemu baba yangu aliniachia nyumba Bagamoyo, nyumba ya udongo na boriti, yenye baraza pande zote mbili za mlango. Juu ya baraza lile nilijifunza hesabu kwa kete za bao. Hapo wazee walimpatanisha mume na mkewe pasipo karani wala ada. Nilipopanda cheo nikaona haya. Nililibomoa baraza, nikajenga ukuta wa matofali ya saruji, nikapanga vipande vya chupa juu yake na kutia geti la chuma. Majirani waliusifu ukuta, kisha hawakuja tena. Mama yangu, ambaye alizoea kupeta mchele barazani huku akisalimiwa na kila mpita njia, aliuhamishia ungo wake uani, akawa hasalimiwi na mtu. Hakunilaumu hata siku moja mpaka alipofariki, na hilo ndilo liniumalo.

Wako wasemao kwamba nyumba za kale ni alama ya ujinga na umaskini. Na tuzitazame kwa haki. Katika nyumba za mawe za pwani, kuta nene za matumbawe na chokaa huzuia joto la mchana lisiingie upesi. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, nazo hazimudu nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mbele liko daka na baraza la mgeni. Ndani kabisa ni mahali pa wenyewe. Hivyo mgeni aliheshimiwa na siri ya nyumba ikahifadhiwa, kwa mpango wa kuta tu. Huko bara, tembe la Wagogo lenye paa bapa la udongo limeifaa nchi ya upepo na mvua haba. Msonge wa Wahaya, ulioezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, umeifaa nchi ya mvua nyingi. Kila nyumba ilikuwa jibu la swali lililoulizwa na mahali pale. Je, nyumba ya vioo vitupu chini ya jua la Dar es Salaam, ambayo haikaliki pasipo mashine ya kupoza hewa, ni jibu la swali la nani?

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1977, alipoipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliikemea tamaa yetu ya saruji na bati. Aliona ni udhaifu wa fikra kwa watu kungoja vitu hivyo, hali udongo wa kufyatulia na kuchomea matofali na vigae wanaukanyaga kila siku.

Nitajibiwa kwamba nataka watu warudi gizani. La, hasha. Maji ya bomba ni neema, choo safi ni neema, dirisha pana ni neema. Nitajibiwa tena kwamba nyumba nyingi za mawe zilijengwa kwa mali ya biashara ya pembe na ya watumwa. Hilo ni kweli, nasi hatuna ruhusa ya kulificha. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Lakini aliyechoma chokaa na aliyechonga nakshi za mlango alikuwa fundi, mara nyingi mtu asiyekuwa na mali. Tukiibomoa nyumba, tajiri wa zamani hapati hasara yoyote. Tunachofuta ni kazi ya fundi, na ushahidi wa dhuluma pia.

Wala tusidhani kuwa sifa za dunia zatosha. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Orodha haishikilii ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeifanya methali hiyo kuwa ya mtihani tu.

Basi dawa ni nini? Dawa ni macho, na macho hufunzwa kwa kutembea. Siku hizi mtoto huamini kwamba matembezi ya familia ni hoteli yenye bwawa la kuogelea, na mzazi asiye na fedha hubaki nyumbani kwa aibu. Jumapili moja niliwachukua wajukuu zangu, tukaenda kwa miguu toka mjini hadi magofu ya Kaole. Tulibeba mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai. Zaidi ya kiingilio hatukutumia kitu. Mjukuu mmoja aliweka kiganja juu ya ukuta wa msikiti wa kale, akaona vitundu vya matumbawe, akauliza, "Babu, jiwe hili lilikuwa baharini?" Swali lile lilikuwa na elimu ndani yake kuliko hotuba zangu zote.

Walimu, watoeni wanafunzi darasani. Waichore nyumba kongwe kuliko zote mtaani, wamtafute aliyeijenga au mwanawe, wajifunze kutaja mfaa, mwimo, kizingiti, daka na zidaka. Kitu kisicho na jina kinywani mwa watu hubomolewa pasipo mtu kulia.

Nami nimeubomoa ukuta wangu na kulijenga upya baraza. Si zuri kama la baba, kwani fundi wake hayupo tena. Jioni majirani wameanza kuketi. Mama hayupo wa kuwasalimu. Ninyi vijana ambao wazazi wenu wangali hai, msingoje kama nilivyongoja mimi.