Musuku haukupandwa na mutu, lakini uko na wenyewe

Wananchi wa Lualaba, vijana wenzetu wa Dilala na Manika,

Mvua ikianza, bamama wanapanga masuku kando ya barabara, mafungu mafungu ao mu beseni. Hakuna mutoto wa Kolwezi anayehitaji kufundishwa namna ya kuyala: unapasua ganda kwa meno, unafyonza utamu, unatema mbegu. Lakini uliza mu kartye yako: muti wake nani ameuona? Wengi wetu tunajua tunda, muti hatuujui. Na bamama wanaoyaokota wanasema kila mwaka wanatembea mbali zaidi.

Tunaandika juu ya muti huo leo kwa sababu wale wenye kuumaliza wamepata neno zuri la kufunika kazi yao. Neno hilo ni "kupanda miti upya". Wanakata pori, kisha wanapanga mistari ya kalitusi na akasia, wanapiga picha na wakubwa wakishika jembe, na raporti inasema pori limerudishwa. Hapana. Hilo pori halikurudishwa, na tutaeleza juu ya nini.

Musuku, ule Watanzania wanauita mkusu na wanasayansi Uapaca kirkiana, si muti mukubwa. Majani yake ni mapana, mazito, magumu kama ngozi. Mu kiangazi, wakati miti mingi ya pori letu la miombo inapukutisha majani na moto unapita chini, musuku unabaki kijani. Unatoa maua wakati wa mvua, unabeba vitunda vidogo kiangazi chote, na vinaiva mvua nyingine ikirudi. Angalia kalenda hiyo vizuri. Masuku yanaiva wakati mahindi ya mwaka uliopita yanaisha mu ghala na mapya bado kuzaa. Bukari ikipunguka, pori njo linalisha watoto, na bei yake ni miguu ya mama tu.

Unaota pale ambapo shamba linakataa: udongo wa mawe, mwembamba, wenye uchachu, kwenye mitelemko. Unawezaje? Hauko peke yake. Mizizi yake inaishi na kuvu wa udongoni. Muti unawapa kuvu sukari, kuvu wanauletea maji na fosforasi ambayo mizizi peke yake haiwezi kuifikia. Miti mingi ya miombo iko na ndoa kama hiyo, na bowa nyingi tunazokula wakati wa mvua ni matunda ya ndoa hiyo. Kwa hiyo tingatinga likikwangua udongo wa juu, linaondoa miti, linaondoa bowa za kesho, na linaondoa pia kile kitu ambacho kingesaidia muti mwingine kuota hapo. Tukiongeza dawa ya mizizi ambayo wazee wanachemshia tumbo na kuhara, miti ya kujengea na mwiko wa jikoni, tunaona hasara ambayo haijaandikwa mu raporti yoyote ya sosiete.

Sasa, hao wenye kusema "muti ni muti, tutapanda mwingine". Musuku uko dume na jike. Dume hauzai hata tunda moja. Mutu akisafisha eneo na kuacha mitatu ili kutuliza watu, pengine ameacha madume matatu. Mbegu yake haingoji: ikikauka, imekufa. Huwezi kuiweka mu gunia nyuma ya biro mupaka bajeti itoke. Inatakiwa ipandwe mbichi, na inasaidia sana ukiweka mu kitalu udongo uliochotwa chini ya muti mama, wenye wale kuvu wake. Na ukiipanda kwa mbegu, utangoja zaidi ya miaka 10 kabla ya kula tunda la kwanza. Mutoto aliyezaliwa leo Kasulo ao Kapata atakuwa mu shule ya sekondari.

Kalitusi inakua haraka, ndiyo, na nguzo zake zinafaa. Hatuna vita nayo. Lakini hakuna mama atakayerudi kutoka shamba la kalitusi na beseni ya masuku kichwani.

Kuna wengine wanasema shaba na pori haviwezi kukaa pamoja, kwa hiyo tuchague kazi ao miti. Hao hawajui historia ya hapa. Wazee wetu, wale walioitwa walaji wa shaba, waliyeyusha malakiti na kutengeneza misalaba ya shaba karne nyingi kabla ya Union Minière kuzaliwa mu 1906. Walijua kilima cha shaba kwa kuangalia tu: ni kile chenye upara katikati ya pori, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi unakataa miti. Musuku haukukaa juu ya mushipa wa shaba! Kinachoumeza zaidi ni vile vinavyozunguka shimo: milima ya mawe ya kutupa, mabwawa ya matope ya kiwanda, barabara za makamiyo, kambi, na mashamba ya watu waliofukuzwa ambao wanalazimika kufungua pori jipya mbali. Hivyo vyote vinawekwa mahali kwa uamuzi wa mutu mwenye karamu na ramani. Uamuzi unaweza kubadilishwa.

Halafu kuna makala. Ndiyo, musuku unakatwa kwa makala, na makinga yenye kubeba magunia tunayaona kila asubuhi. Lakini tunakataa wakubwa kumunyooshea kidole muchoma makala na kunyamaza hapo. Barrage ya Nzilo na ile ya Nseke ziko hapa kwetu, juu ya Lualaba, tangu miaka ya 1950. Zilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na mupaka leo viwanda njo vinakula kwanza. Mama wa Manika anakaa chini ya waya wa umeme mukubwa, anapika juu ya mbabula. Ukimunyima umeme, usimufundishe kupenda pori.

Jambo lenye kutuuma zaidi liko mu kuhesabu mali. Watu wa sosiete wakifika kijijini kuandika vitu vya kulipa, muembe una mwenyewe, avoka ina mwenyewe, kwa sababu mutu aliipanda. Musuku? Watakuambia "huo ulijiotea". Lakini familia zinajua muti gani wanaokota, tangu mabibi zao. Chakula cha kila mwaka na pesa ya daftari za shule vilitoka hapo. Kama musuku hauko kwenye liste, liste haijaisha, na mutu asisaini.

Pesa ya kufanya vizuri iko. Code minier iliyorekebishwa mu Machi 2018 inalazimisha sosiete kutoa 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya wananchi wanaoguswa na mine. Inapeleka 15% ya ushuru wa madini kwa komini, sekta na sheferi ambako mine iko. Inadai pia daftari la masharti, ile wote tunaita cahier des charges, kati ya sosiete na wananchi. Na Katiba yetu, artikle 53, inatupa haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyatetea.

Kwa hiyo tunadai: musuku na miti mingine ya matunda ya pori iandikwe na ilipwe kila mara watu wanapohamishwa. Miti mama iachwe, majike pamoja na madume, kwenye kila eneo ambalo halichimbwi. Kila cahier des charges iwe na kitalu cha miti ya kwetu, kinachosimamiwa na bamama waokotaji, na walipwe. Fakulte za agronomia za Kolwezi na Lubumbashi zipewe kazi ya kupandikiza vikonyo: Malawi na Zambia watafiti wa ICRAF wamefanya hiyo na wakulima tangu miaka ya 1990, na muti uliopandikizwa umezaa kabla ya kumaliza miaka 4. Solwezi si mbali.

Na wewe unayesoma: mvua hii, ukila masuku, usiteme mbegu mu karavati. Iweke mu kikopo na udongo wa porini wiki hiyohiyo, kabla haijakauka. Muulize mama aliyekuuzia ametoka nayo upande gani, andika jina la mahali, utuletee. Ramani ya hiyo miti haiko kwa biro yoyote ya mine. Tutaichora sisi.