UCHAMBUZI: Masaibu ya ufadhili wa vyuo vikuu yawe somo kuu katika kozi za data

KILA mwaka, maelfu ya wanafunzi waliokamilisha Kidato cha Nne huketi na wazazi wao kupekua orodha ndefu ya kozi za vyuo vikuu. Miongoni mwa zinazovutia macho ni zile zinazounganisha kompyuta, takwimu na biashara. Vyuo huzipa majina mbalimbali lakini kiini chake ni kimoja: kusomea mifumo ya habari na uchanganuzi wa data za biashara.

Sababu za mvuto huo ni bayana. Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe Machi 2007, malipo mengi yaliyokuwa yakipita mkononi bila kuacha alama sasa huhifadhiwa katika kompyuta. Benki, kampuni za bima, maduka makubwa na vyama vya ushirika vina shehena ya rekodi na vinahitaji mtu wa kuzisoma na kuwashauri wakuu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipopewa hati Agosti 2023, shahada ya sayansi ya data ilikuwa miongoni mwa kozi zake za kwanza.

Hata hivyo, kuna swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya mzazi kuuza ng'ombe ili kulipa karo. Je, mwanafunzi huyu anafunzwa kuendesha programu za kompyuta tu, au anafunzwa kufanya uamuzi unaogusa maisha ya watu? Ili kuiona tofauti hiyo, wanafunzi hawana haja ya kwenda mbali. Wengi wao walipimwa kwa mfumo wa aina hiyo hiyo kabla hata ya kuingia darasani.

Mei 2023, Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu. Badala ya fedha kupelekwa vyuoni moja kwa moja, kila mwanafunzi angesaidiwa kulingana na uhitaji wake. Mwanafunzi alijaza maelezo yake kwenye mtandao, na maelezo hayo yakatumiwa kukadiria uwezo wa jamaa yake. Kufikia 2024, wanafunzi waligawanywa katika makundi matano. Jamaa ya aliye katika kundi la kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama, na ya aliye katika kundi la tano asilimia 40. Salio lilitoka kwa ufadhili wa serikali na mkopo.

Katika karatasi, mpango huo ulionekana wa haki, kwani maskini angesaidiwa zaidi na tajiri angejitegemea zaidi. Lakini matokeo yalipotolewa, malalamiko yalizuka kote nchini. Wanafunzi waliosema wanatoka katika jamaa zisizojiweza walijikuta katika makundi ya wenye uwezo. Rufaa zikafunguliwa, na Agosti 2024 Rais akaunda kamati ya kuuchunguza mfumo huo. Mnamo Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba na kuwabagua baadhi ya wanafunzi. Serikali haikuridhika na uamuzi huo, na mzozo ukahamia Mahakama ya Rufaa.

Masuala ya sheria ni ya mahakama. Kwa anayesomea mifumo ya habari, kisa hiki kina mafunzo matatu ambayo yanapaswa kuwa nguzo ya kozi nzima.

Funzo la kwanza linahusu chanzo cha data. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) limekuwa likiripoti kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta ya jua kali. Mama mboga hana hati ya mshahara. Mkulima mdogo hupata kitu mvua ikinyesha na hukosa jua likizidi. Pale ambapo mapato halisi hayajulikani, mfumo wowote wa kukadiria uwezo hulazimika kutumia ishara: eneo, ukubwa wa jamaa, hali ya makazi au shule aliyosomea mtoto. Ishara inaweza kupotosha. Mtoto aliyesomeshwa na mhisani katika shule ya bei ghali huonekana tajiri, ilhali kwao hakuna hata nauli ya kumfikisha chuoni.

Funzo la pili linahusu mipaka kati ya makundi. Chukua mfano wa kozi inayogharimu Sh240,000 kwa mwaka. Jamaa iliyo katika kundi la pili, ambayo hulipa asilimia 10, itatoa Sh24,000. Iliyo katika kundi la tatu hulipa asilimia 20, yaani Sh48,000. Kwa hivyo, jamaa mbili ambazo hali zao zinakaribiana sana huweza kutenganishwa na mstari mmoja tu, na mojawapo ikalipa maradufu. Huo ni uamuzi wa mtu aliyechora mstari, na kompyuta iliutekeleza tu. Mchanganuzi stadi angetafuta njia ya malipo kupanda polepole kadiri uwezo unavyopanda.

Funzo la tatu ndilo zito zaidi. Hakuna mfumo wa kukadiria usiokosea, na makosa ni ya aina mbili. Mfumo unaweza kumpa tajiri msaada asiostahili, au kumnyima maskini msaada anaostahili. Kosa la kwanza huipotezea serikali fedha. La pili laweza kumkatizia kijana masomo. Katika hesabu ya kawaida ya darasani, makosa hayo mawili huhesabiwa sawa, na mfumo uliopatia kwa asilimia 90 husifiwa. Lakini asilimia 10 iliyosalia ni watu, na ni muhimu kujua ni akina nani na watalalamika wapi.

Maswali hayo hayaihusu serikali pekee. Mkopeshaji wa simu anayekadiria nani atalipa deni, kampuni ya bima inayopanga ada, na sacco inayoamua ni mwanachama yupi apewe mkopo, wote hufanya kazi ya aina hiyo. Baada ya Wakenya kulalamika kwa miaka kadhaa kuhusu wakopeshaji wa kidijitali waliopekua orodha za majina katika simu zao na kuwaaibisha mbele ya jamaa na marafiki, sheria ilifanyiwa mabadiliko Desemba 2021 na wakopeshaji hao wakawekwa chini ya Benki Kuu ya Kenya. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali, kilabu kimoja na shule moja faini za jumla ya Sh9.375 milioni, kwa kukiuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kampuni ikiajiri mchanganuzi asiyeijua sheria hiyo, huenda ikagharamika.

Tatizo ni kwamba kozi hizi huwa njia panda. Nusu yake hutoka kwa wahadhiri wa kompyuta na nusu kwa wahadhiri wa biashara. Pasipo uratibu, mwanafunzi hufunzwa kuunda hifadhidata katika somo moja na uhasibu katika jingine, bila mtu wa kumwonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana. Fauka ya hayo, baadhi ya data zinazotumiwa sana duniani kufunzia somo hili ni za mbali: orodha ya abiria wa meli ya Titanic iliyozama 1912, au vipimo vya maua vilivyochapishwa 1936. Zinafaa kwa mazoezi ya mwanzo. Lakini hazimfunzi kijana kwa nini rekodi za maziwa za chama cha ushirika hazilingani na malipo ya wakulima.

Ilhali Kenya haina uhaba wa data. Sensa ya 2019, iliyofanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi, ilihesabu watu 47,564,296. Tovuti ya serikali ya data huria ilizinduliwa Julai 2011. Serikali za kaunti, sacco na viwanda vya majani chai zina rekodi za miaka mingi. Vyuo vinaweza kutia saini mikataba na taasisi hizo, data zikaondolewa majina na vitambulisho kama sheria inavyohimiza, kisha kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akapewa tatizo halisi la kutatua na mwenye tatizo hilo akaalikwa kusikiliza majibu yake.

Kuna wanaoshikilia kuwa waajiri hutaka ujuzi wa programu tu na kwamba masuala ya haki ni ya wanasheria. Hoja hiyo ina uzito kiasi, kwa kuwa kijana asiyejua kuandika programu hatapata kazi ya uchanganuzi. Lakini programu hubadilika kila baada ya miaka michache, na sasa akili unde huandika sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa dakika chache. Kitakachobaki kuwa cha binadamu ni kujua swali la kuuliza, kushuku data inayotiliwa shaka na kumweleza mkuu wa kampuni kwa lugha nyepesi kwamba hesabu yake itawaumiza wateja wake.

Kwa hivyo, mzazi na mwanafunzi wasitosheke na jina tamu la kozi. Waulize data za kujifunzia zinatoka wapi, sheria ya data inafunzwa katika mwaka upi, na mwanafunzi atapelekwa wapi kwa mafunzo ya nyanjani. Chuo kisichoweza kuyajibu maswali hayo kitawapa vijana shahada, lakini nchi itaendelea kuundiwa mifumo inayomhesabu maskini kuwa tajiri, bila yeyote ndani ya ofisi kugundua kosa hilo kabla ya mtoto kurudi nyumbani.