Barua ya wazi kwa Bodi ya Ligi: Kituko ni kimoja, ukorofi ni kingine

Kwa Mtendaji Mkuu,
Bodi ya Ligi Kuu Tanzania.

Ndugu,

Kila mchezaji mkorofi anapoadhibiwa, vijiweni huzuka hoja ile ile: mwacheni, huyo ndiye anayejaza uwanja. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Bernard Morrison alipopanda juu ya mpira kwa miguu yote miwili, jukwaa zima lilisimama. Machi 8, 2020 aliichezea Yanga, na mpira wake wa adhabu ukaizamisha Simba 1-0. Julai 12 mwaka huo huo, Yanga ikilala 4-1 mbele ya Simba hao hao kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, alibadilishwa, akaondoka zake uwanjani huku mechi ikiendelea. Mwezi uliofuata Simba wakamtambulisha kuwa mchezaji wao.

Kupanda juu ya mpira ni kituko, na kituko ni sehemu ya burudani. Kuwaacha wenzako vitani ni utovu wa nidhamu, na hakuna shabiki aliyekata tiketi ili auone huo. Walikata tiketi kwa sababu ya mguu wake.

Wapo walioufanyia biashara ukorofi wenyewe. Aprili 2018, huko Brooklyn, mpiganaji Conor McGregor alilirushia toroli la mizigo basi lililobeba wapiganaji wenzake wa UFC, kampuni ya mapambano ya ngumi mchanganyiko. Vioo vilimkata Michael Chiesa, akakosa pambano lake. UFC wakaichukua video hiyo hiyo kutangazia pambano la McGregor na Khabib Nurmagomedov la Oktoba. Lilivunja rekodi yao ya mauzo, kisha likaishia kwa Khabib kuruka uzio na kuivamia kambi ya mpinzani wake. Waandaaji walivuna, Chiesa aliambulia majeraha.

Kwetu anayeumia ni mwamuzi. Staa akimsukuma refa Jumamosi mbele ya kamera na yakaisha, Jumapili refa wa ligi ya wilaya, asiye na polisi wala uzio, atazungukwa na timu nzima.

Naomba mambo matatu. Msitumie picha za ugomvi kutangazia mechi. Kamati ya usimamizi wa ligi, ile ya Saa 72, itoe uamuzi kabla ya mchezo unaofuata, bila kutazama rangi ya jezi. Na anayemgusa mwamuzi afungiwe mechi, asipigwe faini tu. Faini tajiri wa klabu anaweza kumlipia. Mechi hawezi kumchezea.

Wasalaam,
Mpenzi wa soka, Dar es Salaam