Gitare ya masomo itoke mu armwari



Kila mutu hapa ku masomo anajua kama tuko na gitare moja. Wengi habajaiona na macho. Inalala mu armwari ya biro, nyuma ya maboksi ya chaki na bitabu bya zamani, na fungulo iko kwa mukubwa wa korale. Inatokaka siku ya Mungu asubui, vijana babili benye kujua banaipiga mu ibada, kisha inarudia mu giza mupaka siku ya Mungu ingine. Kama mwanafunzi anaomba kuishika kidogo, banamuuliza: «Unajua kupiga?» Akijibu hapana, banamwambia: «Basi, ujifunze kwanza.» Ajifunze na nini? Na fagio?

Mimi ni kapita wa banafunzi, na kazi ya kapita ni kulinda bintu bya masomo. Njo maana bamoja banashangaa kuona mimi naandika hivi. Lakini kulinda kintu na kuificha si neno moja. Gitare ni mbao nyembamba yenye kubandikwa na gundi. Toka mwezi wa tano mupaka wa tisa, wakati hewa ya Lubumbashi inakauka na midomo yetu yote inapasuka, mbao nayo inakauka na inaweza kupasuka vilevile, ata kama hakuna mutu mwenye kuigusa. Mvua ikianza, kamba za chuma zinashika kutu. Ile gitare inazeeka mu armwari sawasawa na ingezeeka mu mikono yetu. Tofauti ni kama mu mikono yetu kungekuwa mutu mwenye kuifuta na kitambaa.

Neno ya pili ile tunasikia, zaidi ku manyumba kwetu: gitare ni ya bar, ni ya balevi. Wazazi banasema vile juu balionaka bapiga gitare bamoja balipotea. Siwezi kubisha ile baliona. Lakini mu korale yetu inapigwa kila siku ya Mungu, na hakuna mutu anatoka mu ibada akitembea mwendo wa mulevi. Kumbe si gitare.

Mu inchi ya Marekani kulikuwa mama moja, Elizabeth Cotten, alizaliwa mwaka 1893. Alijifunza peke yake angali mutoto. Juu alikuwa wa mukono wa kushoto, aligeuza gitare, kamba nene zikawa chini na nyembamba juu, na akapiga vile maisha yake yote. Alipokua, watu wa kanisa lake la Babatisti balimwambia aache zile nyimbo za dunia. Akaacha. Miaka mingi ikapita. Alikuwa mama mukubwa, anafanya kazi ya nyumba kwa familia moja, njo siku moja akatwaa gitare yenye kutundikwa ku ukuta akaanza tena. Mwaka 1958 sahani yake ya kwanza ikatoka, na mwaka 1985, na miaka yake zaidi ya 90, akapewa Grammy, ile zawadi kubwa ya muziki ya inchi yao. Nikisoma ile habari siwazi sana juu ya zawadi. Nawaza juu ya ile miaka yote ya katikati, gitare haiko.

Na sisi hapa Kasungami hatuna lazima ya kwenda mbali hivyo. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Bunkeya ni ule mji wa Musiri, kule Muchungaji Arnot alifika mwaka 1886 na kufungua kazi ya Injili mu Katanga, habari ile tunafundishwaka toka masomo ya musingi. (Sisemi kama Bosco alikuwa mu-Protestanti, jina lenyewe ni la mutakatifu wa Basalesiani!) Mwaka 1952, Hugh Tracey, mwenye kuzunguka Afrika na mashini ya kushika sauti, alimukuta kule Jadotville, ni Likasi ya leo. Kijana wa miaka karibu 22. Akashika sauti yake, na mu zile nyimbo mulikuwa Masanga. Toka pale ikaenda mupaka Nairobi, na Bosco naye akaifuata, akakaa kule kidogo na kupiga mu radio, na bapiga gitare ba Kenya bakajifunza kwake. Mwaka 1969 alipiga ku feti kubwa ya Newport, Marekani. Alikufa mwaka 1990 mu aksida ya barabara, kule Zambia.

Ni nini alifanya ile mukono wake? Bidole bibili. Gumba na kile kya kwanza, basi. Gumba inatembea ku kamba nene bila kusimama, sawa mutu mwenye kwenda soko na hana haraka. Kidole kya kwanza kinaimba ku kamba nyembamba, mara kinatangulia gumba, mara kinaingia nafasi gumba imeacha. Mutu ni mumoja, lakini masikio inahesabu babili. David Rycroft, mwalimu wa muziki kule Uingereza, aliketi akaandika Masanga nota kwa nota na kuitoa mu gazeti ya bafundi ya muziki wa Afrika, miaka ya 1961 na 1962. Na mwaka 1979, wakati inchi yetu ya Katanga iliitwa Shaba, Mwingereza John Low alisafiri mupaka hapa Lubumbashi kutafuta Bosco, na Edouard Masengo, na Losta Abelo, juu tu ajifunze kwao. Kisha akaandika kitabu ya ile safari, ikatoka mwaka 1982.

Angalieni ile neno vizuri. Mutu anatoka Uingereza kuja kujifunza kintu ya hapa. Na mwanafunzi wa hapa, mwenye kulala labda kilometa kidogo na pale Bosco alikaa, anaambiwa «ujifunze kwanza».

Bengine batasema: Bosco alikuwa nyota, sisi hatutakuwa Bosco. Ni kweli, na njo neno lenyewe nataka kusema. Bosco mwenyewe hakuishi kwa gitare peke yake. Alifanyaka pia kazi ya biro sawa baba yako ao wangu. Banafunzi bengi banafikiri kama ukigusa gitare ni lazima utafute jina, uende Kinshasa, upige klipu. Na kama haiko vile, banasema ni kupoteza wakati. Kwa mupira hatusemi vile. Kila siku ya posho kijana wa Kasungami anapiga mupira mu mavumbi na anajua vizuri kama TP Mazembe haitamuita, na hakuna muzazi mwenye kumuuliza: «Sasa inakupeleka wapi?» Kwa nini gitare peke njo inaulizwa?

Mimi nilianza mwaka jana, kwa papa moja jirani yetu, mwenye kupumzika kazi ya Gécamines. Hakunifundisha na kitabu. Ananipigia, namuangalia. Siku ya kwanza nilimwambia: «Papa, unionyeshe tena, polepole.» Akasema: «Mwana, uache kuangalia mukono wangu. Usikilize gumba, bidole bitafuata.» Sikufahamu. Nilifahamu kisha miezi miwili, siku moja jioni, wakati SNEL ilikata moto na tukaendelea kupiga mu giza. Mu giza hauna mukono ya kuangalia! (Bandugu zetu ba kinanda ya moto, wao ile saa banaketi tu na kungoja.)

Nisiwadanganye, inauma. Majuma mawili ao matatu ya kwanza ncha za bidole bya kushoto zinawaka, kisha ngozi inakuwa ngumu na inaisha. Kujua majina ya kamba ni kazi ya siku moja: mi, la, re, sol, si, mi, toka ile nene. Kutoka akordi ya Do kwenda Sol na kurudia bila kusimama, ile inaweza kukula mwezi muzima. Fa ni taabu ya watu wote, muiache kwanza. Dakika 20 kila siku inapita saa tatu za siku ya posho. Na kwa sisi bafinalisti: mu Exetat hakuna ata swali moja ya gitare, na sisemi kama gitare itaongeza pua zetu. Nasema tu kama kisha saa mbili za matematiki kichwa kinaomba kintu ingine, na ile kintu kwa bengi betu ni telefone, na telefone haipimi wakati.

Kuna watoto hapa ku kartie benye kujitengenezea banjo na bidon ya mafuta na nyuzi za freni ya kinga. Mu masomo yetu mumo muko vijana ba vile. Bakifika kwetu banakuta gitare ya kweli, imefungwa.

Na badada? Mu korale badada ni wengi kupita vijana, banaimba vizuri kupita sisi, na ata mumoja hajashika ile gitare. Niliuliza sababu. Nilijibiwa kama haijaonekana. Sawa, haijaonekana juu hawajapewa.

Basi naomba Bwana Prefe na Muchungaji ile ninaomba, wazi. Fungulo ya pili itengenezwe, ikae mu biro ya disipline. Gitare itoke siku ya tatu na siku ya posho kisha masomo, saa moja na nusu, banafunzi batano kwa zamu, na benye bado kujua batangulie. Mwenye kuitwaa atie saini mu daftari, mwenye kuirudisha atie saini. Ikivunjika mu zile saa, iulizwe kwangu kwanza. Kwa kuinua sauti ya kamba hatuna lazima ya kununua kifungio ya magazini. Kalamu ya risasi na kipande ya mupira ya kinga inatosha, papa jirani anafanyaka vile. Kamba nyembamba ya mi ilikatika toka Pasaka, na mupaka leo bapigaji ba korale banapiga na kamba tano. Tutachanga, kila mutu kidogo, ikatoke mu feza yetu na si mu kasha ya masomo.

Daftari nimekwisha kununua. Iko mu kilasi yetu, ku meza ya mbele. Majina saba imeandikwa, ine ni ya badada.

Kapita wa banafunzi